Ardhi Ikigawiwa, Kazi Ndiyo Kwanza Imeanza

Mambo yaliyowapata wakulima wa Japani, Uchina, Meksiko, Tanzania na Kenya

Katika miaka mia iliyopita serikali nyingi za dunia zimejaribu kulitengeneza jambo moja lililo gumu kupita mengi, nalo ni jambo la ardhi ya mkulima. Nyingine zilinunua mashamba makubwa na kuyakata vipande vidogo. Nyingine zilichukua vipande vidogo na kuviunganisha kuwa shamba moja la watu wote. Nyingine zilimpa kila mwenye shamba hati yenye mhuri na kumwambia ya kuwa tangu siku ile shamba ni mali yake. Kila serikali iliahidi ya kuwa njaa itakwisha na umaskini utapungua, walakini matokeo hayakufanana hata kidogo. Kuna mahali ambapo mpangaji maskini aligeuka kuwa mwenye mali kwa muda wa miaka michache tu, na kuna mahali ambapo mamilioni ya watu walikufa kwa njaa katika nchi iliyokuwa ikitangaza mavuno makubwa.

Si ajabu kumsikia mtu akisema ya kuwa siasa fulani ni njema na nyingine ni mbaya, na kuyaacha mazungumzo hapo. Lakini kila mkulima anajua ya kuwa mbegu iliyostawi katika shamba moja yaweza kunyauka katika shamba jingine. Ukizitazama nchi hizi moja moja, utaona ya kuwa maswali matatu ndiyo yaliyoonyesha tofauti. Kwanza, nani mwenye shamba? Pili, nani aamuaye lipandwe zao gani na liuzwe kwa bei gani? Tatu, nani amsaidiaye mkulima kwa mkopo, mbegu na soko baada ya sherehe za kugawa ardhi kwisha?

JAPANI: MPANGAJI AWA MWENYE SHAMBA

Kabla ya Vita Kuu ya Pili, karibu nusu ya mashamba ya Japani yalilimwa na wapangaji. Mpangaji wa shamba la mpunga alimpelekea mwenye shamba karibu nusu ya mavuno yake kuwa kodi. Wenye mashamba wengine hawakuishi hata kijijini. Walikaa mjini wakingoja mpunga uletwe.

Japani iliposhindwa vitani mwaka 1945, ilitawaliwa kwa muda na majeshi yaliyoongozwa na Jemadari Douglas MacArthur wa Marekani. Mwezi wa Oktoba 1946 sheria mpya ya ardhi ilipitishwa. Mwenye shamba asiyekaa kijijini alilazimishwa kuiuzia Serikali ardhi yote aliyoikodisha kwa wengine. Aliyekaa kijijini aliruhusiwa kubakiza eka mbili na nusu hivi za kukodisha, ila katika kisiwa cha Hokkaido, ambako mashamba ni mapana, aliruhusiwa eka kumi hivi. Kisha Serikali iliwauzia wapangaji mashamba hayo kwa bei nafuu. Kabla ya sheria hiyo, eka 46 katika kila eka 100 zililimwa na wapangaji. Ilipofika mwaka 1950 zilikuwa zimebaki 10 hivi.

Kuna mambo mawili hapa yanayofaa kuangaliwa sana. La kwanza, kazi ya kuamua haikuachiwa makarani wa mji mkuu peke yao. Kila kijiji kilichagua baraza la ardhi la watu kumi: wapangaji watano, wenye mashamba watatu, na wakulima wawili waliokuwa na mashamba yao wenyewe. Watu hawa waliijua mipaka, na walimjua aliyelima na asiyelima. La pili, watu hawakuhamishwa. Mpangaji alibaki katika shamba lile lile alilolilima jana. Kilichobadilika ni jina lililoandikwa katika daftari. Juu ya hayo, vyama vya ushirika vilivyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1947 vilimletea mbolea, vilimkopesha fedha na kumtafutia soko.

Walakini dawa hii nayo ilikuwa na uchungu wake. Wenye mashamba wa zamani walilipwa kwa bei iliyokwisha kupangwa, na kwa kuwa siku zile bei za vitu zilikuwa zikipanda mbio, fedha waliyoipokea ilikuwa karibu si kitu. Baadaye sheria ya mwaka 1952, iliyowekwa ili kuwalinda wakulima wadogo, iliwafungia katika udogo wao. Mtu asiyetaka kulima tena aliogopa kumkodisha jirani shamba lake, kwa sababu alijua itakuwa vigumu kulipata tena. Serikali nayo ilinunua mpunga kwa bei ya juu mpaka maghala yakafurika, na tangu miaka ya 1970 ikawa inawalipa wakulima ili wapunguze kupanda mpunga. Mpango huo haukuondolewa mpaka mwaka 2018. Leo umri wa mkulima wa Japani, kwa wastani, unakaribia miaka 70. Sheria iliyomwokoa babu haikutosha kumshika mjukuu asiende mjini.

UCHINA: HESABU YA DAFTARI NA HESABU YA GHALA

Uchina nayo ilianza kwa kuwagawia maskini ardhi. Kwa sheria ya mwaka 1950, serikali ya Mao Zedong iliyachukua mashamba ya matajiri bila malipo na kuwapa wakulima. Kazi hiyo ilifanywa kwa ukali, na wengi katika wale wenye mashamba waliuawa. Lakini wakulima waliopewa hawakukaa na mashamba yao kwa muda mrefu. Miaka michache baadaye walitiwa katika vyama vya kulima pamoja, na mwaka 1958 vyama hivyo vikaunganishwa kuwa jumuiya kubwa, kila moja ikiwa na maelfu ya nyumba. Watu walikula katika jiko moja. Wengine waliondolewa mashambani wakati wa mavuno ili wayeyushe chuma katika tanuru ndogo ndogo, na nafaka ikaoza shambani.

Ubaya mkubwa ulitoka katika vitabu vya hesabu. Wakuu wa wilaya na wa majimbo, wakiogopa kuonekana wazembe au wapinzani, waliandika mavuno yasiyokuwako. Serikali ilidai sehemu yake ya nafaka kwa kufuata hesabu iliyoandikwa, wala si kwa kufuata nafaka iliyokuwamo ghalani. Ghala likafagiliwa, na mkulima akabaki bila chakula wala mbegu. Kati ya mwaka 1959 na 1961 njaa iliua watu wengi mno. Wataalamu hawakubaliani juu ya hesabu yao. Makadirio ni toka milioni 15 mpaka milioni 45. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Uchina ilionyesha ya kuwa daftari la uwongo lina hatari kubwa zaidi, kwa sababu hupoteza hata watu.

Mabadiliko yalianzia chini. Mwezi wa Desemba 1978, katika kijiji cha Xiaogang, jimbo la Anhui, wakulima 18 walikutana kwa siri wakatia sahihi mkataba. Walipatana kugawana mashamba ya jumuiya nyumba kwa nyumba. Kila nyumba itatoa sehemu inayodaiwa na Serikali, na kitakachozidi kitakuwa chake. Waliapa pia ya kuwa viongozi wao wakitiwa gerezani, waliobaki watawalea watoto wao mpaka watimize miaka 18. Hawakufungwa. Serikali iliyoongozwa na Deng Xiaoping iliiacha njia hiyo ienee, na ilipofika katikati ya miaka ya 1980 jumuiya zile zilikuwa zimekwisha. Mwaka 1978 nchi ilivuna nafaka tani milioni 305. Mwaka 1984 ilivuna tani milioni 407. Mvua ni ile ile na udongo ni ule ule. Tofauti ni kwamba mkulima alijua sehemu ya jasho lake itabaki nyumbani, na Serikali ilimwongezea bei.

Hata hivyo faida hiyo haikupatikana bure. Jumuiya, pamoja na mabaya yake yote, ndizo zilizokuwa zikiwalipa waganga wa vijijini. Zilipovunjwa, mipango ya matibabu ya pamoja ilianguka karibu kila mahali, na mgonjwa alilazimika kulipa mwenyewe. Mpango mpya wa matibabu ya watu wa shamba haukuanza mpaka mwaka 2003. Tena ardhi yenyewe ilibaki mali ya kijiji, na mkulima alipewa haki ya kuitumia kwa muda tu. Miji ilipopanuka, mara nyingi maofisa waliwaondoa wakulima mashambani kwa malipo madogo, wakaipangisha ardhi hiyo kwa fedha nyingi.

MEKSIKO: SHAMBA LISILOUZIKA

Kati ya kumpa mkulima shamba liwe mali yake kabisa na kulifanya la watu wote, kuna njia ya katikati. Njia hiyo ilijaribiwa Meksiko. Kabla ya mapinduzi yaliyoanza mwaka 1910, mashamba makubwa yalikuwa mikononi mwa watu wachache, na wakulima wengi hawakuwa na ardhi. Katiba ya mwaka 1917 iliahidi, katika kifungu cha 27, kuivunja hali hiyo. Ahadi ilikwenda polepole mpaka alipokuja Rais Lázaro Cárdenas, aliyetawala toka 1934 mpaka 1940 na kugawa zaidi ya eka milioni 40.

Ardhi hiyo iligawiwa kijiji, wala si mtu mmoja mmoja. Mashamba ya namna hii huitwa ejido. Mwanakijiji alikuwa na haki ya kulima sehemu yake na kumrithisha mtoto wake, lakini hakuruhusiwa kuiuza, kuikodisha wala kuiweka rehani. Waliotunga sheria walikuwa na sababu njema. Walijua ya kuwa maskini akipewa shamba asubuhi, njaa au ugonjwa wa mtoto waweza kumfanya aliuze jioni, na mashamba yote yatarudi kwa matajiri. Kinga hiyo ilifaa. Mamilioni ya watu walipata mahali pa kupanda mahindi yao, na kwa miaka mingi nchi haikurudia vita vya namna ile.

Lakini kinga ile ile ikawa kizuizi. Benki haimkopeshi mtu asiye na kitu cha kuweka rehani, kwa hiyo mkulima wa ejido aliitegemea benki ya Serikali iliyoanzishwa mwaka 1935. Mkopo ulipita katika mikono ya maofisa, na mkulima akajifunza ya kuwa ni heri kuwa na rafiki katika chama kinachotawala kuliko kuwa na mazao mazuri. Maji ya kumwagilia na mitaji mikubwa ilikwenda zaidi kwenye mashamba ya watu binafsi ya kaskazini. Wengi walikodisha vipande vyao kwa siri, na wengine wakavuka mpaka kwenda kutafuta kazi Marekani.

Mwaka 1992 kifungu cha 27 kilibadilishwa. Ugawaji wa ardhi ulikoma, na watu wa ejido wakaruhusiwa kukodisha mashamba yao, na hata kuyafanya mali yao binafsi wanakijiji wakikubaliana. Wengine walifurahi kwa kufunguliwa. Wengine waliona wamefungiwa mlango kabla hawajaingia. Tarehe 1 Januari 1994, siku ile ile ulipoanza mkataba wa biashara kati ya Meksiko, Marekani na Kanada, watu wenye silaha walishika miji katika jimbo la Chiapas, na ardhi ilikuwa moja ya malalamiko yao.

TANZANIA: SHULE ILIKUJA, MAVUNO YAKAPUNGUA

Wasomaji wa Afrika Mashariki wanayo mifano ya karibu zaidi. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, Tanzania chini ya Mwalimu Julius Nyerere ilikusudia kuwakusanya wakulima katika vijiji vya ujamaa. Hapo mwanzo watu walitakiwa wajiunge kwa hiari yao. Walioitikia walikuwa wachache kuliko ilivyotumainiwa, na mwishoni mwa mwaka 1973 ilitangazwa ya kuwa kuishi katika vijiji ni lazima, na kazi hiyo iwe imekwisha mwaka 1976. Mamilioni walihamishwa. Mahali pengine watu walihamishwa wakati wa kupanda, au walipelekwa mbali na mashamba yao, na mahali pengine nyumba zao za zamani zilibomolewa ili wasirudi.

Mwaka 1974 na 1975 nchi ilikosa chakula, ikalazimika kuagiza nafaka nyingi toka ng'ambo. Ukame ulikuwa sababu moja, na kuhamahama kulikuwa sababu nyingine. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na mazao yakanunuliwa na mashirika ya Serikali. Mara nyingi malipo yalichelewa na bei ilikuwa ndogo, na wakulima wengine wakaacha kuhudumia kahawa, pamba na korosho. Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha vyama hivyo.

Hata hivyo, si haki kusema ya kuwa siasa hiyo haikuleta neno jema. Ni rahisi zaidi kupeleka shule, kisima na zahanati mahali watu wanapokaa pamoja, na mambo hayo yalipelekwa. Madarasa ya watu wazima yalifunguliwa kila mahali, na ilipofika mwaka 1977, kwa hesabu za Serikali, watu wazima wasiojua kusoma walikuwa zaidi kidogo ya robo tu, hali miaka kumi nyuma walikuwa theluthi mbili. Mwaka huo Mwalimu mwenyewe alitoa kitabu cha kuipima miaka kumi ya Azimio, akataja mafanikio na makosa pia. Baadaye, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri za vijiji zilipewa madaraka ya kuitunza ardhi ya kijiji. Vijiji vingi vilivyoanzishwa kwa amri vimebaki kuwa makwao watu.

KENYA: HATI MKONONI

Kenya ilikwenda njia nyingine. Mwaka 1954, wakati wa Hali ya Hatari, Roger Swynnerton wa Idara ya Kilimo alitoa mpango wa kukuza kilimo cha Waafrika. Vipande vya shamba vilivyotawanyika viliunganishwa kuwa shamba moja, vikapimwa na kuandikishwa, na mwenyewe akapewa hati. Wakulima wengi zaidi waliruhusiwa kupanda kahawa na chai, wakasaidiwa kupata ng'ombe wa maziwa. Mapato ya wakulima wadogo yaliongezeka sana kabla ya Uhuru wa mwaka 1963. Kisha mpango wa eka milioni moja, ulioanza mwaka 1962, ulinunua mashamba ya walowezi na kuwapa makao watu wa nyumba zipatazo 35,000.

Lakini kamba ya kupimia ilipita katika Jimbo la Kati wakati maelfu ya watu walikuwa kizuizini, na wengine waliporudi walikuta mipaka imekwisha wekwa bila wao. Mpango wenyewe haukuficha ya kuwa mwishowe watu wengine watapata ardhi zaidi na wengine watakosa kabisa. Waliopewa mashamba ya walowezi waliyapokea pamoja na deni, na wengi walishindwa kulilipa kwa wakati. Hati nazo, mara nyingi, ziliandikwa jina la mwanamume peke yake. Mume aliweza kuuza shamba au kuliweka rehani, na mkewe aliyelilima miaka ishirini akapata habari siku mnunuzi alipokuja kulitazama. Ilipokuja sheria ya mwaka 2012 ndipo ilipoagizwa wazi ya kuwa idhini ya mwenzi wa ndoa inatakiwa kabla ya kuuza au kuweka rehani.

Mahali Kenya ilipofaulu zaidi ni katika chai ya wakulima wadogo. Shirika lililoanzishwa mwaka 1964 ili kuwahudumia liliwaletea miche, likakusanya majani barabarani, likajenga viwanda karibu na mashamba, na likawalipa. Leo wakulima wake ni zaidi ya 600,000. Malalamiko juu ya malipo na uongozi hayakukosekana, lakini mtu mwenye eka moja ya chai aliweza kusomesha watoto. Hati peke yake haingalimpa faida hiyo. Hati na barabara na kiwanda pamoja ndivyo vilivyompa.

MASWALI YA KUULIZA

Basi, ukiyarudia yale maswali matatu utaona jinsi mambo yalivyokuwa. Japani iliyajibu yote matatu kwa faida ya mkulima, ikafanikiwa upesi. Kosa lake lilikuwa kuyaacha majibu ya mwaka 1950 yatawale hata wakati watu na kazi zao vilipokwisha badilika. Uchina ilimnyima mkulima haki ya kuamua, ikavuna njaa. Ilipomrudishia haki hiyo tu, hata bila kumpa ardhi iwe mali yake, chakula kiliongezeka. Meksiko ilimlinda mkulima asipoteze shamba, ikasahau ya kuwa shamba lahitaji mtaji. Tanzania ilimpelekea shule na zahanati, lakini ilimwondoa katika uamuzi wa mahali pa kukaa na bei ya kuuzia. Kenya ilimpa mmoja hati, na mwingine katika nyumba ile ile haikumwandika.

Hakuna siasa hata moja katika hizi iliyoleta mema matupu. Kila moja ilikuwa na watu walioibariki na watu walioilia, na mara nyingi waliolia ni wale ambao hawakuwapo wakati mambo yalipokuwa yakiandikwa: mfungwa, mjane, mpangaji, kijana ambaye hajazaliwa. Kwa hiyo mtu akisikia mpango mpya wa ardhi ukitangazwa, uwe wa kugawa, wa kuunganisha au wa kuandikisha, asifurahi upesi wala asikatae upesi. Aende barazani siku mipaka inaposomwa, aulize ni jina la nani linaloandikwa, mazao yatanunuliwa na nani na kwa bei gani, na hesabu itakaguliwa na nani baada ya miaka kumi. Kupata majibu hayo kabla mpango haujaanza ni rahisi kuliko kuyatafuta mahakamani baada yake.